Upande wa Pili wa Kiambaza

Miaka ile ya ngano, mtu wa Gehandu hakuhitaji saa wakati wa mavuno. Kombaini na mashine za shamba la serikali ziliwashwa umande ulipokauka, na mngurumo wake ukakaa hewani mpaka jua lilipoegemea mlima Hanang. Leo mngurumo ule haupo, na watu wanaukumbuka kama anavyokumbukwa jirani mwenye kelele aliyehama: walimlalamikia alipokuwapo, sasa wanatega sikio upande wa nyumba yake. Juliana, mke wa Hermani, anaukumbuka kwa sababu yake mwenyewe. Ulimnyang'anya mtu wa kuzungumza naye, na msimu mmoja, siku uliponyamaza, akarudishiwa.

Jioni moja ya msimu huo Hermani alirudi kutoka shambani, ambako alikuwa dereva wa trekta la kuvuta matela ya ngano, akaketi uani kula ugali pamoja na baba yake, mzee Gidahosh. Juliana alikaa mlangoni pa jiko, amewapa bega kama ilivyompasa mke mbele ya baba wa mumewe. Binti yao Hilaria alikuwa huku na huku, kwa kuwa mtoto hana mipaka. Alikuwa ameshinda akitazama kombaini zikipita ng'ambo ya ua, na sasa alikuwa na swali.

"Baba, yule ng'ombe wa serikali anakula majani mengi hivyo. Anakamuliwa saa ngapi?"

Hermani akacheka hata tonge likamkwama. Juliana akaficha uso katika khanga, mabega yakimtikisika. Mzee Gidahosh akawatazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri mmoja wao amgawie kicheko kile.

"Mnacheka nini?" aliuliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Hakuna kitu, Baba," Hermani akajibu, huku akipunga mkono.

Maneno mzee hakuyasikia, lakini mkono ule aliufahamu vizuri. Alirudisha tonge ukingoni mwa sahani.

"Misimu minne," alisema, "ninakaa katika nyumba ambayo hakuna kitu. Mgeni akija akaondoka, hakuna kitu. Watu wakilia, hakuna kitu. Mavuno yakiisha Gidabuday atakuja kunichukua. Nitakwenda kukaa na ng'ombe. Ng'ombe hawana siri."

Gidabuday alikuwa mtoto wa ndugu yake, mfugaji aliyekaa mbugani kupita Hirbadaw, mahali ambapo mzee akienda kwa umri ule, watu wa nyumbani wangemwona tena siku ya kumzika. Hermani alisema hasira zile zitapoa. Juliana alikuwa ameiona namna mzee yule alivyoweka tonge chini, akajua kwamba hii si hasira ya kupoa.

*

Juliana alikuwa wa Tlawi, kule juu kwenye baridi, kwa watu wanaolima viazi na maharage kwenye miteremko. Alipoolewa na Hermani alijikuta katika nyumba ambayo hakuielewa hata lugha yake. Kwa Wabarbaig, watu wa mumewe, mke hamtazami baba mkwe usoni, wala jina lake halitamki mpaka kufa. Alijifunza hayo kwa aibu nyingi, akikosea na kuchekwa kisimani, mpaka akayashika kuliko waliozaliwa nayo.

Lakini jiko lake na chumba cha mzee vilitenganishwa na kiambaza cha fito na udongo, na kiambaza hakina macho. Alfajiri, Juliana alipopiga magoti kwenye jiwe la kusagia, sauti ya mzee ilitokea upande wa pili, imetulia, ikimwuliza kama huko Tlawi ni kweli watu hulala na ng'ombe chini ya paa moja. Akimjibu kwa maneno ya kuchechemea, mzee alimsahihisha taratibu. Alimfundisha majina ya rangi za ng'ombe, akamsimulia habari za mvua zilizokuja na zilizokataa kuja. Hapakuwa na mtu mwingine katika boma lile aliyemwuliza bibi harusi mgeni jambo lolote zaidi ya kama maji yamechotwa. Ndivyo Juliana alivyoipata lugha ya nyumba ile, na ndivyo alivyoacha kulia.

Kisha ng'ombe wa mzee wakapungua kwa sababu malisho yalipungua, naye akaajiriwa ulinzi kwenye ghala la shamba. Kiti chake kiliwekwa kando ya mashine ya kupepetea ngano. Kila msimu mashine ile ilichukua sehemu ya masikio yake, kama mtu anayepunguza akiba ya mwenzake kidogo kidogo ili asigundue. Asubuhi moja Juliana alimwamkia kupitia kiambaza, kimya. Akaamkia tena, kimya. Alidhani amekosa jambo, akasaga unga wake machozi yakimtoka. Jibu la kimya kile alilipata baadaye kwa Hermani: mzee hasikii tena.

*

Habari za vifaa vya kusikilizia zililetwa na zahanati ya shamba. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imepata vichache kwa ajili ya watu ambao masikio yao yaliharibiwa na mashine. Mafunzo yake yalifanyika kila Alhamisi katika darasa la kisomo cha watu wazima, darasa lilelile ambamo Juliana alijifunza kuandika jina lake, na herufi zilizofutwa vibaya zilikuwa bado zinaonekana ubaoni. Mwalimu alikuwa muuguzi aliyeitwa Scolastica, mama wa makamo aliyetoka mbali, mwenye sauti ya upole isiyorudi nyuma.

"Hiki hakirudishi masikio," alisema, akiinua kijisanduku cha kutundika kifuani, chenye waya uliopanda mpaka kwenye kipande kidogo cha kuchomeka sikioni. "Masikio yenu yamelala kwa miaka. Mtayaamsha nyumbani, kila siku, mahali patulivu. Na wale mnaokaa nao lazima nao wajifunze kusema. Ndiyo maana kila mtu amekuja na mwenzake. Ambaye hatakitumia, mafunzo yakiisha atakirudisha, kwa sababu wako wengi wanaosubiri."

Kila mwenye kifaa aliambiwa aje na mtu anayekaa naye zaidi. Hermani alikuwa mashineni kutwa. Mzee Gidahosh alikuwa mjane. Basi aliyeketi kando yake kwenye benchi alikuwa Juliana.

Mbele yao walikaa Nikolausi, dereva wa kombaini, na mkewe Genoveva. Genoveva alikuwa amempigia mumewe kelele kwa muda mrefu hata njia nzima ilijua mambo ya nyumba yao. Scolastica alipomwambia kwamba kelele huvunja maneno badala ya kuyakuza, na kwamba aseme polepole kwa sauti ya kawaida, Genoveva alifikiri kidogo.

"Sista, nikinyamaza hivyo majirani watadhani tumeachana."

Darasa likacheka. Nikolausi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akacheka pamoja na wengine badala ya kuwatazama na kungoja.

Kisha muuguzi akawaeleza namna ya kuzungumza. Kaeni uso kwa uso. Mwanga uwe juu ya uso wa anayesema. Msifunike mdomo. Mwiteni kwa jina kwanza ili ajiandae. Asipoelewa, lisemeni jambo lile kwa njia nyingine.

"Na liko neno moja ambalo mtalifukuza nyumbani kwenu," akaongeza. "Akiuliza mnacheka nini, msimwambie kwamba hakuna kitu. Neno hilo ndilo linalomfungia mtu mlango. Mtu anaweza kuvumilia kutosikia. Kutoambiwa ndiko kunakomfanya aondoke."

Juliana alihisi kana kwamba muuguzi yule alikuwa uani kwao jioni ile.

Walipoambiwa wajaribu, kila mtu alimgeukia mwenzake. Juliana aliinamisha kichwa, akatazama ukutani, akaweka upindo wa khanga mdomoni, akasema jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulisikia. Scolastica alikuja akasimama mbele yake.

"Mama, unamgeuzia mzee wako shavu kama mtu aliyenuna. Mtazame. Toa hiyo khanga. Mwite jina lake."

Wanawake wawili wa upande wa mbugani walitazama miguu yao. Genoveva, ambaye naye alikuwa wa milimani, aligeuka nyuma akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, kwamba wa Tlawi huyu amekuwa Mbarbaig kuliko Wabarbaig wenyewe. Vicheko vikatawanyika. Mzee Gidahosh hakuyafahamu maneno, lakini kifaa kilimletea vicheko vile moja kwa moja kichwani, vikali kama sufuria zinazoanguka. Alikichomoa sikioni, akakifunga ndani ya shuka lake, akatoka nje.

*

Kosa alilolifanya Juliana baada ya hapo alilifanya kwa nia njema. Alikuwa mwanafunzi mtiifu, na katika darasa lile alikuwa amezoea kwamba mwalimu akisema herufi inaandikwa hivi, ndivyo inavyoandikwa. Asubuhi iliyofuata aliweka kigoda juani, mbele ya kile alichokalia mzee. Alishusha khanga mabegani. Akaketi, akainua uso, akamtazama baba wa mumewe machoni.

"Baba," alisema, polepole na kwa sauti ya kawaida, kama alivyofundishwa.

Mzee alimtazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akavuta shuka lake, akajifunika kichwa chake mwenyewe, akainuka, akachukua fimbo na kwenda zake kwa ng'ombe. Juliana alibaki amekaa mbele ya kigoda kitupu, jua lote likiwa usoni pake. Alijisikia kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Jioni mzee alimwambia mwanawe, kwa sauti ambayo jirani yeyote aliweza kuisikia: "Kwanza mlininyima habari. Sasa mnaninyima na heshima." Kifaa akakitia katika kopo lake la tumbaku, akabana kifuniko.

"Sista amefundisha watu wote vilevile," Juliana alimwambia Hermani walipokuwa wawili.

"Nikolausi ni mume wa Genoveva," Hermani alijibu. Alikuwa amechoka, vumbi la ngano limemjaa kwenye nyusi. "Wewe yule ni mume wako?"

Hakulisema kwa ukali, na hiyo ndiyo sababu liliuma. Alijaribu mwenyewe kuzungumza na baba yake kwa kifaa kile, lakini alirudi nyumbani kichwa kikivuma trekta, na habari zake zilikuwa za matela na mpira uliopasuka. Mzee alimsikiliza kidogo, akarudisha kifaa koponi.

Alhamisi iliyofuata Juliana alikwenda darasani peke yake, akangoja mpaka wenzake wakatoka. Alimwamkia muuguzi, akamwambia kwamba amekuja kusema kifaa kile apewe mtu mwingine. Scolastica aliweka chini kifutio cha ubao, akauliza sababu, na kwa mara ya kwanza Juliana alieleza: habari ya uso, habari ya jina, kigoda juani, shuka lililofunika kichwa.

Muuguzi aliketi kwenye benchi la wanafunzi. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Sista, humu ndimo nilimofundishwa kusoma. Sijazoea kumkatalia mwalimu."

"Na mimi nilipaswa kuuliza kabla ya kuamuru. Nisamehe, mama." Akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Zamani, kabla masikio yake hayajaharibika, mlizungumza?"

"Sana."

"Vipi, kama humtazami?"

"Kiambaza kilikuwa katikati yetu," alisema Juliana, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za alfajiri zile. Alimsimulia muuguzi zote, jiwe la kusagia, rangi za ng'ombe, mvua zilizokataa kuja.

Scolastica alitoa kifaa kingine mkobani, akamwonyesha vitundu vidogo juu ya kijisanduku. Alimweleza kwamba watu wengi hudhani sauti inaingilia pale sikioni, kumbe inaingilia hapa, kifuani. Shuka likikisugua, mzee husikia shuka. Mtu akisema mbali nacho, mzee husikia kuku.

"Uso unasaidia, sitakudanganya. Lakini sauti ikiwa karibu na hiki, na kelele zikiwa mbali, sehemu kubwa ya kazi imekwisha."

"Lazima kikae kifuani kwake?" Juliana aliuliza.

"Kinaweza kukaa popote waya unapofika."

Wote wawili wakautazama waya.

*

Mavuno yakaisha. Kombaini ya mwisho ilivutwa bandani, na ukimya uliorudi Gehandu ulikuwa mkubwa hata watu walianza kusikia upepo kwenye mabua. Gidabuday alituma salamu kwamba atafika na punda wake. Asubuhi ya siku ya kuja kwake mzee Gidahosh alikusanya vitu vyake: ngozi ya kulalia, kibuyu cha maziwa, mkuki. Hermani, kwa ombi la mkewe, alikwenda akamwomba kile kifaa. Mzee alikitoa koponi bila kubisha.

"Mpeni mwenye watu wa kuzungumza naye," alisema.

Juliana alikipokea kikiwa kinanuka tumbaku. Aliingia jikoni, akampeleka Hilaria kwa jirani, akawafungia kuku nje. Juu ya jiwe la kusagia palikuwa na mahali ambapo udongo wa kiambaza ulikuwa umeporomoka na kuacha ufa kati ya fito. Alipitisha pale kile kipande cha sikioni, akausukuma waya kwa bua la ngano mpaka alipoona umekwenda. Kijisanduku akakitundika kwenye kijiti upande wake, usawa wa mdomo wa mtu aliyepiga magoti. Akakiwasha. Unga ulikuwa haujasagwa, lakini hakuligusa jiwe, maana lingeyala maneno.

Akageuza uso kando, kama ilivyompasa, akaanza.

Kwanza alimwamkia, kwa maamkio yaleyale ya alfajiri za zamani. Waya ulining'inia tu, umelegea. Hakuweza kujua kama mzee amekiona kile kitu kidogo kilichochungulia ukutani pake, au amekipa mgongo akifunga mizigo, au yuko nje kabisa akitazama njia. Akamwuliza kama amelala vema. Waya haukutikisika. Aliendelea, kwa sauti ya kawaida, ingawa moyo wake ulitaka kupiga kelele hata Hirbadaw wasikie.

"Baba, jioni ile uliuliza tunacheka nini."

Waya ukatetemeka. Halafu taratibu, kama kamba inayoshikwa na mtu asiyetaka kuikata, ukavutika, ukakaza.

Juliana akashika ukingo wa jiwe kwa mikono miwili. Akamsimulia. Alimweleza jinsi Hilaria alivyoshinda kutwa akitazama kombaini, akaja na swali lake kwamba yule ng'ombe wa serikali, anayekula majani yote yale, anakamuliwa saa ngapi. Alilieleza mara moja. Hapakuwa na jibu. Akakumbuka mafunzo, akalieleza tena kwa maneno mengine.

Upande wa pili kikaja kicheko, kikavu, cha kukwaruza, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Na mlimjibu nini?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa sasa anajisikia, na alizungumza kama zamani, kama mtu asiye na haraka.

"Hatukumjibu, Baba. Tulicheka tu."

"Mngemjibu. Mtoto ameuliza jambo la maana. Sisi wazee tumekaa chini tukiulizana hilohilo tangu serikali ilipolima malisho yetu, na hakuna aliyetuambia maziwa yanakwenda wapi." Akaongeza, "Kumbe nyumba hii ina mtoto anayeuliza. Mimi namwona midomo tu."

Juliana alikuwa analia, lakini alilia polepole ili kilio kisiingie kijisandukuni. Ghafla ncha ya kisu ikatokea kwenye ufa, ikazunguka, ikakwangua. Mzee alikuwa anapanua njia ya waya wake. Mabonge ya udongo yakaanguka juu ya nafaka iliyongoja kwenye ungo.

"Baba, udongo unaingia kwenye mahindi."

"Utapepeta," ilijibu sauti ya upande wa pili. "Na mwaka ule mliolia? Kulikuwa na watu hapa, mnalia, nikauliza, nikaambiwa hakuna kitu. Nani alikufa?"

"Mama yangu, Baba. Kule Tlawi."

Juliana aliuona waya bado umekaza, hivyo akajua mzee hajaondoka.

"Nami sikukupa pole," mzee akasema hatimaye. "Nisimulie. Anzia hapo."

*

Gidabuday aliwasili jua likiwa limepanda, na punda wake wawili. Alibisha hodi uani kama mtu wa mbugani anavyobisha, kwa sauti ya kuita ng'ombe, na kwa kuwa hakuitikiwa alikwenda mpaka kwenye mlango wa mzee. Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kiambaza, mizigo imefungwa vizuri kando yake. Waya ulitoka sikioni pake ukaingia ukutani. Macho alikuwa ameyafumba.

Gidabuday alisimama asijue la kufanya. Kutoka upande wa pili aliisikia sauti ya mwanamke, ya chini, isiyokata. Aliinama akamgusa mzee bega, akampigia kelele kwenye sikio lililo wazi kwamba punda wako tayari na njia ni ndefu. Mzee hakufumbua macho.

Akamgusa tena, akapaza sauti zaidi sikioni pake. "Baba mdogo, unazungumza nini na ukuta?"

Mzee Gidahosh akainua mkono. Ulipanda kama mkono wa Hermani jioni ile, tayari kupunga swali lile mbali, halafu ukasimama hewani. Akafumbua macho, akaushusha mkono juu ya mizigo.

"Mambo mengi," alisema. "Wafungue punda wapate kula. Ndiyo kwanza tunaanza msimu wa pili."